Padri kwenye ngazi. Maoni juu ya sinema « Mar adentro »

Wandugu wengine wameuliza kama yafaa kuwaonyesha mafratri na wakatekista sinema ya Alejandro Amenábar iitwayo « Mar adentro », maana yake: kuelekea ndani ya bahari. Ilitoka Hispania mwaka 2004, na mwaka 2005 ikapewa tuzo ya Oscar kama sinema bora ya lugha ya kigeni. Mmoja asema yafundisha watu kujiua. Mwingine asema alilia toka mwanzo mpaka mwisho. Mimi nasema waionyeshe, ila mwenye kuionyesha awe ameitazama kwanza peke yake, naye ajue ni mahali gani yasema kweli na ni mahali gani yatudanganya.

Habari yenyewe si ya kubuni. Ramón Sampedro alikuwa mwanabaharia wa Galicia, aliyezaliwa mwaka 1943. Tarehe 23 ya mwezi wa nane 1968, akiwa kijana wa miaka 25, alijitupa majini toka juu ya jiwe, na maji ya bahari yalikuwa yamekupwa. Shingo ikavunjika. Toka siku ile hakutikisa tena mkono wala mguu. Alilala miaka 29 nyumbani mwa kaka yake, akiandika kwa kalamu aliyoishika kinywani, na miaka ya mwisho akaomba tribinali zimruhusu kusaidiwa kufa bila msaidizi kutiwa gerezani. Zikakataa. Mwezi wa kwanza 1998 alikufa kwa sumu ya sianidi huko Boiro, nje ya nyumba ya jamaa zake. Rafiki yake Ramona Maneiro alikamatwa, akaachiliwa kwa kukosa ushahidi. Mwaka 2005, wakati wa kumshitaki ulipokwisha kupita, alikiri mbele ya watu kwamba ndiye aliyempa sumu. Kiisha, mwaka 2021, Hispania ilitunga sheria ya kuruhusu kifo cha namna hii, kama zile za Uholanzi na Ubelgiji zilizoanza kutumika mwaka 2002.

Nataja Ubelgiji kwa sababu wengi wetu tuna jamaa huko, na mapadri wa Kongo wanatumika katika parokia zake. Siku moja mmoja wetu ataitwa kando ya kitanda cha mgonjwa aliyekwisha kutia sahihi. Kwa hiyo tusiseme neno hili ni la wazungu peke yao.

Turudi kwenye sinema. Yasema vizuri zaidi pale inapokaa jikoni na chumbani. Mwenye kushika nyumba ni Mama Manuela, mke wa kaka yake Ramón. Hakuna aliyemwuliza siku ya arusi kama angependa kumtunza shemeji aliyepooza. Alikuta kazi, akaishika. Anamlisha, anamwosha, anamgeuza ubavu, na hasemi maneno mengi. Mume wake José ni mtu mgumu. Asema kwamba chini ya dari lake hakuna atakayeuawa. Javi, mtoto wao, ni kijana mwenye kusahau na kujibu vibaya, kama vijana wote, lakini Ramón ampenda kama mwanawe. Na yule mzee Joaquín, baba wa Ramón, anyamaza karibu siku zote. Kiisha siku moja atamka jambo moja tu: kwamba kumpoteza mtoto ni vibaya, lakini liko jambo baya kupita hilo, nalo ni mtoto mwenyewe kutaka kufa. Hakuna avoka wala mwalimu wa teolojia katika sinema hii asemaye neno zito kupita la mzee huyu.

Angalieni vema: watu hawa wanne hawana wazo moja. José akataa kabisa. Manuela hajui nani ana haki. Javi hataki mjomba aende, wala hajui kulisema. Mzee anavunjika moyo. Hata hivyo kila asubuhi chakula kinapelekwa juu. Nimeona nyumba za namna hii katika parokia zetu, mahali ambapo watu wanagombana juu ya mgonjwa sebuleni, kiisha wanaingia pamoja kumwinua. Vitabu vyetu vya morale vyataja mgonjwa, mganga na padri. Mara nyingi vyamsahau shemeji.

Sasa tuje kwenye ngazi. Padri Francisco, ambaye naye amepooza na anatembea kwa kiti cha magurudumu, amesema kwenye televizyo kwamba labda Ramón ataka kufa kwa sababu jamaa zake hawakumpa mapendo ya kutosha. Kiisha aja nyumbani kumwona. Ngazi ni nyembamba, kiti hakipiti. Padri abaki chini, Ramón juu kitandani, na fratri kijana atumwa kupeleka maneno. Apanda na neno la padri, ashuka na jibu la mgonjwa, apanda tena. Anahema. Maneno ni marefu kupita nguvu ya kichwa chake. Mwishoni wakubwa wawili wanamwacha pale katikati, wanaanza kupiga makelele kila mmoja toka mahali pake, wakirushiana uhuru na uhai kama watoto wanaorushiana mpira. Padri asema uhuru unaofuta uhai si uhuru. Ramón amgeuzia neno lile lile.

Watu hucheka hapo, na mafratri watacheka kupita wengine, maana wamejitambua. Ni haki wacheke. Lakini kicheko kitakoma padri anapotaka kuondoka, na Mama Manuela amsimamia. Amwambia kwamba alisikia yale ya televizyo. Asema hajui kati ya wawili hawa nani ana haki, wala hajui kama uhai ni mali ya Mungu kama mapadri wasemavyo. Lakini yeye anamtunza Ramón miaka mingi na anampenda kama mwana wake, na jambo moja alijua kwa hakika: padri ana mdomo mkubwa mno.

Wandugu, fundisho la padri yule lilikuwa sawa. Ndilo la Papa Yohane Paulo II katika « Evangelium vitae », mwaka 1995, namba 65, nasi hatuna ruhusa ya kulipunguza. Kosa lake lilikuwa mahali pengine. Alihukumu nyumba ambayo hakuwa ameiingia. Aliifanya taabu ya Mama Manuela kuwa mfano wa mahubiri. Na alipokuja, alikuja na hoja. Katika maneno yote yaliyopanda ngazi, sikusikia hata moja la kumwuliza yule mama analala saa ngapi usiku.

Hata hivyo hapo hapo namshitaki Amenábar. Hispania ilikuwa na padri wa kweli wa namna hii, Luis de Moya, aliyekuwa mganga kabla ya kuwa padri. Ajali ya gari mwaka 1991 ilimpooza toka shingo, naye akaendelea na kazi ya upadri katika kiti cha magurudumu hata kufa kwake mwaka 2020. Mtu aliyebeba msalaba ule ule miaka karibu 30 angeweza kumjibu Ramón kwa namna nyingine. Sinema imempa padri wake sauti ya kiburi na kiti kisichopita mlangoni, basi imeshinda mchezo bila kucheza. Vivyo hivyo kwa José: kwa kuwa yeye akataa, ndiye mwenye hasira, mwenye kupaza sauti. Wale wanaokubali wamepewa nyuso nzuri na maneno matamu. Mtu mwenye hoja yenye nguvu hahitaji kufanya hivyo.

Bahari nayo inatumika kutudanganya. Kuna mahali ambapo Ramón, kwa mawazo, ainuka kitandani na kuruka dirishani juu ya milima mpaka pwani, na muziki wa opera wa Puccini unalia. Ni kazi nzuri ya picha, siwezi kusema vingine. Lakini kila mara kifo kimevikwa bahari na mwanga, na uzima umeachiwa chumba kile kile. Vidonda vya kulalia hatuvioni, wala harufu. Mtu aweza kusema: ni kwa heshima ya mgonjwa. Nakubali. Ila kwa kuvificha hivyo, kazi ya Mama Manuela nayo imefichwa nusu, na mtazamaji hawezi kujua bei ya mapendo yale.

Jambo la tatu ni Julia, yule avoka mwenye ugonjwa wa kumharibu polepole, aliyekuja kumsaidia Ramón katika tribinali. Aliahidi kufa pamoja naye, kiisha hakufanya. Mwishoni twamwona ameketi karibu na bahari, hamkumbuki hata Ramón. Mtengenezaji ataka tuseme: tazama alilolikimbia Ramón! Mimi nilimtazama mume wake. Yupo. Hakumwacha. Picha inampita haraka, kana kwamba mume anayebaki na mke aliyesahau yote ni kitu kidogo tu.

Tena, Ramón asema uhai wake ni wake peke yake. Lakini gari linapokuja kumchukua, Javi alikimbilia nyuma, na Mama Manuela hawezi kusimama kwa machozi. Kama uhai ule ulikuwa wa mtu mmoja, watu hawa wananyang'anywa nini? Sinema haikujibu, imeonyesha tu, na kwa kuonyesha imesema kinyume cha neno la mwenyewe. Ndiyo sababu naiona bora kupita mawazo yake.

Na sisi? Haifai kutoka katika chumba cha sinema tukijisifu kwamba kwetu Afrika familia hubeba wagonjwa wake. Hubeba, ni kweli. Kijana aanguka toka juu ya mchikichi akikata ngazi za mawese, au udongo wamfunika katika shimo la madini, mgongo umevunjika. Mama yake atamgeuza juu ya mkeka miaka kumi, bila kitanda cha hospitali, bila mpira mpya wa mkojo, na mara nyingi bila dawa yo yote ya maumivu makali. Lakini tusinyamaze juu ya mengine. Sheria ya kuua kwa huruma hatuna, ila tuna njia zetu za kumwambia mtu kwamba amekuwa mzigo: sahani inayochelewa, mlango unaofungwa, na lile neno kwamba mzee haponi wala hafi kwa sababu anakula watoto usiku. Mzee aliyeitwa mchawi na kuachwa katika nyumba ya nyuma, naye haki yake ya kuishi imeondolewa, wala hakuna tribinali iliyoulizwa.

Mama wa kijana yule humwuliza padri kwa sauti ya chini kama ni dhambi kusali Mungu amchukue. Si dhambi. Kumwachia Mungu saa ni jambo moja, kuishika saa kwa mkono wako ni jambo jingine. Papa Pio XII alifundisha mwaka 1957 kwamba mtu halazimiki kutumia dawa na vyombo vinavyopita kipimo, na kwamba ni halali kutuliza maumivu hata kama dawa yaweza kupunguza siku za mgonjwa, ikiwa kifo hakitafutwi. Wakatekista wetu wangapi wanalijua hili? Wengi wanadhani Kanisa lataka mtu ateswe mpaka pumzi ya mwisho, na wengine wamewaambia watu hivyo.

Sinema ni ya dakika 125. Iko ya kutafsiriwa kwa Kifransa. Isionyeshwe kwa wadogo wa petit séminaire. Kwa wakubwa, mwenye kuionyesha aisimamishe pale fratri anaposhika ukuta wa ngazi kutafuta pumzi, awape robo saa. Kila mmoja aseme yeye angepanda na neno gani, na kabla ya kupanda angepita jikoni kufanya nini.