Mti Si Kahawia

Kisanamu kimekaa mezani pangu wiki sita sasa, katikati ya laptopu na sufuria ya jana. Ni jitu la mti: miguu ya mizizi, mikono ya matawi, na uso uliotokeza ndani ya shina kama mzee aliyeamshwa kabla usingizi haujaisha. Linatoka Games Workshop, kampuni ya Nottingham, Uingereza, inayotengeneza Warhammer. Jina lake ni Treelord. Binamu yangu alinibebea kwenye begi akija Disemba, likiwa vipande vipande kwenye fremu za plastiki. Kuliunganisha kwa gundi kulinichukua jioni mbili tu. Kulipaka rangi ndiko kulikonitoa jasho, maana katikati ya kazi niligundua kwamba sijui mti unafananaje.

Wacha nieleze. Kuna mapishi ya kupaka jitu la mti, na kila mtu kwenye YouTube anayajua. Unaanza na praima nyeusi. Unafuata na kahawia iliyokolea, Rhinox Hide kwa mfano. Juu yake unamwaga Agrax Earthshade, rangi nyepesi kama strungi, ambayo inateremka yenyewe na kutulia ndani ya mifereji ya gome. Ikishakauka unachukua brashi, unaifuta mpaka ibaki karibu kavu, halafu unaipitisha juu juu ili kila ukingo ushike kahawia hafifu. Kijani kidogo hapa na pale, basi. Saa mbili na umemaliza.

Na inapendeza, sitajifanya. Mara ya kwanza nilipiga picha nikaitupa kwenye group, watu wakasema wueh. Shida ilianza asubuhi yake nilipolitoa kwenye baraza ili nilione kwa mwanga wa jua. Ng'ambo ya ukuta kuna jakaranda. Nikaangalia jitu, nikaangalia jakaranda, nikarudia. Jakaranda haikuwa na kahawia popote. Ilikuwa ya kijivu, yenye nyufa nyembamba na mabaka meupe-meupe, na upande mmoja mstari mweusi ambako maji ya mvua hupitia. Jitu langu, kando yake, lilifanana na kiti cha sebuleni. Lilikuwa na rangi ya mbao, na mbao ni kitu unachokipata baada ya kumchuna mti ngozi yake.

Sasa swali langu kama mtazamaji: hiyo kahawia ilitoka wapi? Nadhani jibu la kwanza liko kwenye plastiki yenyewe. Aliyelichonga Treelord alifanya kazi safi. Mifereji ya gome ni mirefu, inapinda kufuata misuli, inakutana kwenye viungo kama kwenye mwili unaosonga. Lakini angalia imechongwa kwa ajili ya nini. Mfereji wenye kina hushika rangi ya majimaji, na ukingo mkali hushika brashi kavu. Gome hili limebuniwa liitikie mapishi yale. Mti unaofaa mapishi hayo ni mti wa gome nene lililopasuka, kama mwaloni wa Ulaya. Jaribu kulichonga jitu la mgunga wa Naivasha, ule wa shina la manjano yenye ukijani, lenye unga-unga ukilipangusa kwa kidole. Brashi kavu itapita pale bila kushika kitu. Kwa hiyo kuna miti ambayo mbinu inaiona, na miti ambayo mbinu haina macho nayo.

Jibu la pili nililitafuta kwa J.R.R. Tolkien, kwa sababu majitu mengi ya miti tunayoyaona kwenye michezo ya leo ni wajukuu wa Ent wake, waliotokea kwenye The Two Towers mwaka 1954. Nilitarajia kumkuta na hatia. Kumbe la. Treebeard, mzee wao, anaelezwa kuwa amefunikwa na kitu kama gome la kijani na kijivu, na huwezi kujua kama ni vazi au ni ngozi. Kahawia ipo, lakini ni ya mikono, na ngozi ya mikono hiyo ni laini. Wenzake hawafanani naye, kila mmoja anakumbusha aina yake ya mti. Yaani mwandishi alikuwa amekwenda nje kutazama. Sisi wa brashi tuliokuja nyuma ndio tuliochukua miti yote tukaitia kwenye chupa moja ya kahawia.

Basi nililipaka tena. Safari hii niliweka sheria moja: kila alama kwenye gome iwe na sababu. Mapishi yanakwambia uweke kijani upande wa kaskazini, kwa sababu kule kwao jua huwa upande wa kusini na kaskazini hubaki na kivuli. Nairobi iko kama digrii moja tu kusini ya ikweta. Hapa jua hukaa kaskazini sehemu ya mwaka na kusini sehemu nyingine, kwa hiyo hiyo dira haifanyi kazi. Nilizunguka jakaranda nikaona kijani kinafuata maji. Kiko kwenye panda za matawi ambako mvua hutuama, na chini karibu na mizizi. Kwa hiyo kwenye jitu nilikiweka mabegani, kwenye viwiko, na kwenye mkunjo wa shingo, kisha nikateremsha mistari myeusi kutoka hapo. Msingi niliufanya kijivu cha aina tatu. Yale mabaka meupe niliyapiga kwa kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, nikigusa na kuacha, maana mkono ukichora baka moja moja huwa unayapanga bila kujua.

Hapo ndipo nilipotaka kujisifu, na hapo ndipo nilipoanguka. Nikafikiri, kama uhalisi ndio huu, mbona nisitumie mti wenyewe? Nikaokota kijiti halisi, nikakibandika kwenye kituo cha jitu kama gogo lililoanguka. Kikaonekana bandia kabisa. Nyufa zake zilikuwa kubwa kuliko vidole vya jitu. Kile kitu pekee cha kweli kwenye meza ndicho kilichosema uongo. Majani ya chai yaliyokauka yalifaa kuwa majani yaliyooza, na vijani vya jakaranda vilifaa baada ya kuvikata vipande kwa wembe. Kwa hiyo sidai kwamba mchoraji anakili tu anachokiona. Kwenye kitu cha ukubwa wa kiganja lazima uzidishe, upunguze, udanganye. Tofauti ninayoiona ni kati ya mtu anayedanganya akijua ukweli uko wapi, na mtu anayerudia udanganyifu wa mwingine bila kwenda nje hata mara moja.

Ungeniuliza mbona nimesumbuka hivi kwa sababu ya mwanasesere, ningekwambia ni kwa sababu ya mugumo. Nyuma ya boma la cucu ulikuwepo mmoja, mkubwa hata watoto watatu hatukuweza kuuzungusha mikono. Ulikatwa barabara ilipopanuliwa, nikiwa darasa la sita. Jitu la kwanza, lile la kahawia, nilikuwa nimelipaka nikiufikiria ule mugumo. Nilidhani nalipaka kutoka kwenye kumbukumbu. Baada ya ile asubuhi ya baraza nikapatwa na shaka, nikampigia cucu.

"Cucu, ule mugumo ulikuwa wa rangi gani?"

Akanyamaza kidogo. "Si ulicheza chini yake kila siku wewe? Ulikuwa kama ngozi ya ndovu."

Kijivu, tena laini. Picha ya kahawia niliyoibeba miaka yote haikuwa ya mugumo, ilikuwa ya video. Mti wenyewe ulikuwa umekatwa mara mbili, na mara ya pili niliukata mimi.

Novemba 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitoa amri ya kuunusuru mugumo wa Waiyaki Way, pale Westlands, uliokuwa uondolewe kupisha Expressway. Bado umesimama, na naupita kwa matatu mara kwa mara. Kwenye kitabu cha Tolkien miti huinuka yenyewe na kwenda kuivunja ngome ya aliyekuwa akiikata. Alisema kwenye barua kwamba alisononeka tangu shuleni na Macbeth ya Shakespeare, pale msitu unapotabiriwa kutembea na kumbe ni askari walioshika matawi. Namwelewa. Lakini miti ya kwetu haitembei, na si kila mmoja huandikiwa amri. Mingi haina chochote isipokuwa mtu anayekumbuka ilivyokuwa, na mimi, niliyekuwepo, nilishindwa hata na rangi.

Wiki jana nilipaka la tatu, kwa maana nililirudia lile lile. Niliijaza mifereji ya kifuani kwa putty mpaka gome likawa laini, nikalipaka kijivu cha ndovu, tabaka nyembamba baada ya tabaka. Jirani yangu wa mlango wa pili alikuja kuomba chumvi, akaliinua, akaligeuza.

"Hili bado hujapaka? Si hii ni praima?"

Nikamwambia nimemaliza. Akaliangalia tena, safari hii polepole, akalishika karibu na dirisha.