Mizani ya Daraja la Juu: Hisabu ya Nauli za Reli ya Kisasa Chini ya Uluguru

Katika biashara zote za kuchukua abiria, barani na baharini, hakuna bidhaa ngumu kupima kama daraja la juu, maana huuzwa ndani ya safari ileile inayouzwa kwa kila mtu, na mnunuzi wake akishafika salama hana njia nyepesi ya kubainisha ni sehemu gani ya raha aliyoiona ilitokana na fedha zake za ziada, na ni sehemu gani angaliipata hata kwa nauli ya kawaida. Tangu reli ya kisasa ilipoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na kufika Dodoma tarehe 25 Julai mwaka huohuo, swali hili, ambalo zamani lilikuwa la wasafiri wa ndege na wa meli za anasa, limeteremka hadi kwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Mzumbe, mtumishi wa serikali aendaye Dodoma na mchuuzi wa mboga atokaye Mgeta, katika milima ya Uluguru: je, nauli ya juu ina thamani ya kweli, na fadhila wanazoahidiwa wateja wa kudumu ni faida, au ni chambo?

Hisabu ya daraja la juu haianzi juu, huanzia chini, kwa kuwa thamani ya ziada haijulikani mpaka ijulikane kwanza thamani ya kile ambacho ziada hiyo inaongezwa juu yake. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ilipopanga nauli za treni ya kawaida katika reli hii, iliweka kima cha shilingi 69.51 kwa kila abiria kwa kila kilomita. Na kima hicho, kikizidishwa kwa kilomita 192 za kutoka Dar es Salaam mpaka Morogoro na kusawazishwa kwa maelfu, kilizaa nauli ya shilingi 13,000. Kwa Kilosa, kilomita 265, kilizaa 18,000. Na kwa Dodoma, kilomita 444, kilizaa 31,000. Upande wa barabara, nauli zilizoanza kutumika Desemba 2023 ziliwekwa shilingi 48.47 kwa kilomita ya lami katika basi la daraja la kawaida, na shilingi 67.84 katika basi la daraja la kati. Tukichukua barabara ya Morogoro kuwa kilomita 190, basi la kawaida hutoza shilingi 9,200 hivi, na la daraja la kati 12,900 hivi; maana yake ni kwamba abiria aliyezoea basi la daraja la kati alihamia katika treni ya umeme bila ya kuongeza kitu mfukoni, isipokuwa shilingi 100.

Ama yule aliyezoea basi la kawaida, yeye aliongeza shilingi 3,800. Na kwa kuwa basi lipitalo Kibaha, Mlandizi na Chalinze, katika foleni ya malori na vituo vya mizani, aghalabu huchukua saa nne, ilhali treni hufika Kihonda, iliko stesheni ya Morogoro, kabla ya saa mbili kutimia, basi kila saa aliyoiokoa ameinunua kwa shilingi 1,900. Kwa Dodoma hisabu ni ya namna hiyohiyo: nauli ya basi la kawaida kwa kilomita 450 ni shilingi 21,800 hivi, tofauti yake na treni ni 9,200, na hata tukihesabu kwa uangalifu kwamba saa zilizookolewa ni tatu tu, kila saa imenunuliwa kwa shilingi 3,100 au pungufu kidogo. Hapa ndipo penye kipimo chetu, na kila nauli itakayotajwa mbele itawekwa katika mizani hii: shilingi ngapi, kwa saa ngapi, na saa hizo zimefanywa nini.

Sharti tuseme pia, kwa insafu, kwamba saa ya treni haipimwi kutoka stesheni hadi stesheni peke yake. Mkaazi wa vijiji vya Uluguru, kama Kinole, Matombo au Nyandira, ambaye kwanza huteremka mlima kwa pikipiki au kwa gari lililojaa, kisha huvuka mji kutoka sokoni hadi Kihonda kwa daladala au bajaji, huenda akapoteza njiani nusu ya kile anachokiokoa relini. Na akiwa na tenga la nyanya au kiroba cha karoti, hana budi kulifuata lori au basi, kwa sababu mzigo wa namna hiyo hauna mahali katika behewa la abiria. Mtu huyu akiambiwa kuwa daraja la juu litampunguzia taabu, ameambiwa neno lisilomhusu, maana taabu yake iko kati ya kijiji na stesheni, na huko hakuna tiketi ya daraja lolote inayofika.

Sasa tupande juu. Kwa treni ya haraka, isimamayo vituo vichache, nauli zilizotangazwa kati ya Dar es Salaam na Dodoma ni shilingi 40,000 kwa daraja la kawaida, 70,000 kwa daraja la biashara, na 120,000 kwa daraja liitwalo Royal. Ukigawanya kwa kilomita, abiria wa kwanza analipa shilingi 90, wa pili 158 na wa tatu 270. Wote watatu wanavutwa na umeme mmoja juu ya reli moja, na wote wanafika dakika moja. Safari ya namna hii ikiwa ni ya saa tatu na nusu, mnunuzi wa daraja la biashara anaongeza shilingi 30,000, yaani 8,600 hivi kwa saa, na mnunuzi wa Royal anaongeza 80,000, yaani 22,900 hivi kwa saa. Linganisha na shilingi 3,100 ambazo msafiri wa treni ya kawaida alilipa ili aondokewe kabisa na saa moja ya barabarani: huyu wa juu analipa zaidi ya mara saba ya fedha hizo, na saa yake haikuondolewa, iko palepale, ila imetandikwa vizuri zaidi.

Kutandikwa huko si jambo la kudharauliwa, lakini lina kadiri yake, na kadiri hiyo inadhihirika tukikumbuka reli ya zamani ya kati, ambayo Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905, wakaifikisha Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Katika treni za reli ile, daraja la kwanza lilikuwa chumba cha vitanda viwili, la pili chumba cha vitanda sita, na la tatu lilikuwa kiti tu, wakati mwingine na msongamano juu yake. Na safari ya kwenda Kigoma ilikuwa ya kilomita zaidi ya 1,200, usiku na mchana, na tena usiku. Aliyelipa zaidi alipata vitu vitatu vinavyoshikika: mahali pa kulaza ubavu, mlango wa kufungwa, na amani ya mzigo wake akiwa usingizini. Ukiigawa ziada aliyoilipa kwa saa zote zile, ilikuwa ndogo. Na asubuhi ya pili tofauti kati yake na mwenzake wa daraja la tatu ilionekana usoni. Kwa hiyo si kweli kwamba daraja la juu ni udanganyifu siku zote. Kweli ni kwamba thamani yake hukua pamoja na urefu wa safari, na hupungua kadiri treni inavyoongeza mwendo. Treni iendayo kilomita 160 kwa saa imewapa abiria wote, kwa nauli ya chini, kile ambacho zamani tajiri alikinunua kwa fedha nyingi, yaani kuondokewa na uchovu. Na muuzaji wa daraja la juu amebakiwa na makombo ya kuuza.

Jambo hili lilichambuliwa zamani na Jules Dupuit, mhandisi wa Kifaransa, katika maandishi yake ya mwaka 1849 juu ya ushuru wa njia za usafiri. Aliona kwamba kampuni za reli za wakati wake ziliyaacha mabehewa ya daraja la tatu bila ya paa, yenye mabao makavu ya kukalia, na akajiuliza sababu, kwa kuwa gharama ya paa ni ndogo mno kuwa sababu. Jawabu lake lilikuwa kwamba kampuni hazikukusudia kumtesa maskini. Zilikusudia kumtisha mwenye uwezo wa kulipa daraja la pili asije akashuka la tatu. Hii ndiyo siri ya biashara ya madaraja, na ni lazima msomaji aikamate: daraja la juu huuzwa kwa njia mbili, ama kwa kulipandisha lenyewe, ama kwa kulishusha lile la chini yake.

Ukiipima reli yetu kwa kanuni ya Dupuit, utaona kwamba haikufanya dhulma hiyo. Behewa la kawaida lina paa, lina kiti cha mto, lina hewa ya kupoza joto la Ruvu na Ngerengere. Na abiria wa shilingi 13,000 aliyebahatika kukaa kushoto, akitoka Dar es Salaam, huiona Uluguru ikiinuka na kilele cha Lupanga kikiwa katika mawingu, sawasawa na mwenye tiketi ya bei kubwa. Shirika la Reli Tanzania lilipoongeza treni za umeme ziitwazo mchongoko tarehe 1 Novemba 2024, mwendo wake ulikuwa wa abiria wote waliomo. Hili ni jema kwa umma, lakini linaleta natija isiyompendeza muuzaji: kadiri daraja la kawaida linavyokuwa zuri, ndivyo hoja ya kununua la juu inavyodhoofika. Lau siku moja tutaona daraja la kawaida likiachwa lichakae, viti vikapasuka na vipoza hewa vikanyamaza, ilhali la juu linang'arishwa, basi tujue kwamba ile njia ya pili ya kuuza imeanza kutumika, na hapo watu wa LATRA watakuwa na kazi ya kukagua zaidi ya nauli peke yake.

Ni nani, basi, anunuaye daraja la juu? Wapo wa aina tatu. Wa kwanza ni yule ambaye utulivu kwake ni fedha: wakili anayeandaa shauri, au mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Sokoine mwenye karatasi za mitihani za kusahihisha, ambaye saa tatu za kimya zitamzalia zaidi ya shilingi 30,000, huyu daraja la biashara linamfaa, wala Royal haimwongezei kimya mara mbili. Wa pili ni mgonjwa, mzee au mjamzito, ambaye nafasi ya kunyoosha miguu si anasa bali ni dawa. Wa tatu, na yamkini ndiye mwenye kujaza viti hivyo, ni yule ambaye halipi yeye; inalipa ofisi. Serikali ilipohamia Dodoma, njia hii ilipata wasafiri ambao tiketi zao hutoka katika fungu la safari za kikazi, na mtu hawezi kupima kwa uaminifu uzito wa fedha ambayo haikutoka mfukoni mwake. Maadam anayekalia kiti siye anayekilipia, wingi wa wanunuzi hauwi dalili kwamba kiti kina thamani ya bei yake.

Tuje kwa fadhila za wateja wa kudumu. Biashara hii ilipata umbo lake la sasa mwaka 1981, shirika la ndege la American Airlines lilipoanzisha mpango wake wa AAdvantage. Kwetu Afrika Mashariki, Kenya Airways ina mpango wake uitwao Asante Rewards. Na kampuni za meli za anasa zimeufikisha ufundi huu kileleni. Katika mpango wa Royal Caribbean uitwao Crown & Anchor, abiria hupata pointi moja kwa kila usiku anaolala melini, na mbili akikodi chumba cha fahari; akifikisha pointi 80 huitwa Diamond, na pamoja na mambo mengine hupewa vinywaji vinne kila siku. Tuseme kinywaji kimoja ni dola 12: kwa safari ya siku saba, hiyo ni dola 336. Walakini hiyo ni bei ya muuzaji, siyo gharama yake, wala si thamani kwa mpokeaji. Mwislamu asiyegusa mvinyo, akiishia kwenye kahawa na soda, hafikii hisabu hiyo, na mnywaji naye aulizwe kama angalinunua vinywaji 28 kwa fedha yake mwenyewe. Tena fadhila hiyo imetanguliwa na malipo ya hadi usiku 80, na nani ajuaye kama katika safari hizo zote hakuipita meli nyingine iliyo rahisi zaidi kwa kuogopa kupoteza pointi?

Kanuni yake ni nyepesi: fadhila ni faida iwapo imekujia kwa safari ambazo ungalizifanya vyovyote vile, na kwa bei ambayo ungaliilipa vyovyote vile; ikikufanya usafiri zaidi, au ulipe zaidi, au usitazame kwa mshindani, basi umejilipa mwenyewe zawadi hiyo, na ukampa muuzaji ujira wa kukufikishia. Kwa kipimo hiki, mazoea ya stendi ya mabasi ya Msamvu, Morogoro, yanaishinda mipango mingi yenye vyeo: wakala wa basi anayemjua mteja wake humwekea kiti cha mbele, humpokelea kifurushi, na humpigia simu gari likichelewa, bila ya kumtaka akusanye chochote, na mteja akipanda basi la mwingine kesho, hana pointi ya kupoteza.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Kati ya Dar es Salaam na Morogoro thamani kubwa iko katika tiketi ya shilingi 13,000, na lolote linaloongezwa juu yake kwa safari isiyotimia saa mbili ni bei ya fahari. Fahari si haramu, ila inunuliwe kwa jina lake. Kati ya Dar es Salaam na Dodoma, daraja la biashara lina hoja kwa mwenye kazi ya kufanya au mwenye maradhi, na Royal ina hoja kwa mtu ambaye shilingi 80,000 hazimpunguzii kitu. Lakini reli inajengwa kuelekea Mwanza, na ikikamilika itakuwa na zaidi ya kilomita 1,200 kutoka pwani. Safari hiyo, hata kwa umeme, huenda ikawa ya saa kumi hivi, na usiku utaingia tena katika hisabu. Siku hiyo Shirika la Reli likiuza kitanda na mlango wa kufungwa badala ya kuuza jina, abiria atakuwa na sababu ya kulipa. Na likiuza jina lilelile kwa kiti kilekile, achukue kalamu, agawanye ziada kwa saa, kisha akate tiketi ya kawaida.