Kimya cha Amplifaya

Ukiingia duka la vifaa vya sauti Kariakoo, au kule Luthuli Avenue jijini Nairobi, muuzaji ataanza kwa kufungulia muziki, na ataufungulia mpaka mwisho. Vioo vya kabati vitatetemeka, wapita njia watageuza shingo, nawe utaona haya hata kuuliza bei. Mwache amalize. Kisha mwombe asimamishe wimbo bila kuzima mashine, aweke sauti kwenye kiwango utakachosikilizia nyumbani, halafu inama usogeze sikio hadi shubiri moja kutoka kwenye spika. Ukisikia mvumo kama wa friji kuukuu, au mchemko kama wa mafuta kwenye kikaango, huo ndio utakaokaa nawe sebuleni kila mhusika wa filamu anaponyamaza.

Mimi huanzia hapo. Resiva nzuri iliyounganishwa na amplifaya nzuri naijua kwa namna inavyonyamaza, na kwa namna isivyotokwa jasho mlango unapobamizwa au bunduki inapolia. Katikati ya hayo mawili, yaani watu wakizungumza kawaida, mashine nyingi zinafanana mno, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea.

Resiva ni nyumba yenye wapangaji watatu. Wa kwanza anapokea nyaya za HDMI na kupeleka picha kwenye runinga. Wa pili anafumbua sauti iliyofungwa ndani ya filamu, ya Dolby Atmos au DTS, na kuigawa: hii ya kulia, hii ya katikati, hii ya dari. Wa tatu ni amplifaya, mwenye kazi ya kusukuma spika. Wawili wa mwanzo hutosheka na nafasi ndogo na umeme kidogo. Wa tatu anataka transfoma kubwa, kapasita nene na hewa ya kuondoa joto, na akitwishwa spika saba au tisa kwa transfoma moja, yeye ndiye anayezidiwa. Kununua amplifaya ya nje ni kumhamisha huyo mpangaji, au angalau kumpunguzia mzigo.

Atahama tu kama kuna mlango. Mlango wenyewe ni safu ya matundu nyuma ya resiva yaliyoandikwa PRE OUT. Resiva nyingi za bei ya chini zina tundu la sabufa tu, basi. Ya namna hiyo usiinunue ukiwa na ndoto za amplifaya ya nje. Yahesabu matundu kwa kidole chako mwenyewe, usisikilize maneno. Tena wapo wanaolazimika kuyatumia wapende wasipende. Denon AVR-X3800H, kwa mfano, ina amplifaya za chaneli 9 ndani, lakini ubongo wake unachakata chaneli 11. Anayetaka spika 7 za kuzunguka chumba na 4 za dari lazima alete amplifaya ya nje ya chaneli 2.

Sasa wati, maana hapa ndipo tunapoibiwa mchana kweupe. Maboksi ya sabufa zetu yameandikwa PMPO wati 10,000, ilhali waya wake wa umeme ni mwembamba kuliko wa pasi. Herufi hizo hazina kipimo chochote nyuma yake. Mwandishi wa boksi angeweza kuandika 20,000 na asiulizwe. Si ugonjwa wetu peke yetu. Huko Marekani wauzaji wa amplifaya za nyumbani walitia chumvi hadi serikali ikatunga kanuni mwaka 1974, ikawataka waseme wati ngapi, kwenye omu ngapi, katika masafa gani, na sauti ikiwa imeharibika kwa asilimia ngapi. Maswali hayo manne yabebe mfukoni. Karatasi ya hiyo X3800H inayajibu hivi: wati 105, omu 8, kuanzia hezi 20 hadi 20,000, uharibifu asilimia 0.08, chaneli 2 zikifanya kazi. Hayo ya mwisho yasome mara mbili. Chaneli zote 9 zikidai kwa pamoja, kila moja itapata pungufu, na hivyo ndivyo zilivyo karibu resiva zote za daraja hilo. Hakuna ubaya kwa mashine inayosema ukweli wake. Ubaya upo kwenye karatasi inayotangaza wati 180, ukichungulia maandishi madogo unakuta omu zimeshuka hadi 6, masafa yamebaki hezi 1,000 peke yake, na uharibifu umepanda hadi asilimia 10. Asilimia 10 ni sauti iliyokwisha kupasuka.

Je, unazihitaji hizo wati za ziada? Fanya hesabu hii kabla hujafungua pochi. Spika nyingi za nyumbani huandikwa kitu kama desibeli 87, maana yake ukiipa wati 1 na ukasimama mita 1 mbele yake, utapata desibeli 87. Ukikaa mita 3, zinapungua kama 9 na nusu, ingawa kuta hukurudishia kiasi. Wati 100 huongeza desibeli 20, kwa hiyo kwenye kochi unapata 97 na ushei. Hiyo ni kelele ya kumwamsha jirani. Ukileta amplifaya ya wati 200, unaongeza desibeli 3. Sikio la mtu linataka kama 10, yaani wati mara kumi, ndipo liseme sauti imekuwa maradufu. Basi aliyeacha resiva ya wati 100 akanunua amplifaya ya wati 130 amejiongezea desibeli 1 na kitu kisicho na jina, na kilo za kubeba. Angebadilisha spika akapata za desibeli 90, angefika palepale alipofika wa wati 200, bila waya hata mmoja wa ziada.

Kwa hiyo mimi humshauri mtu anunue amplifaya ya nje ikiwa chumba ni kikubwa, spika ni ngumu kusukuma, hasa zile za omu 4, au chaneli ni nyingi kuliko resiva inavyoweza. Kuna resiva zina kitufe cha kuchagua omu 4, na watu hudhani ndiyo tiba. Mara nyingi kitufe hicho hupunguza tu volti za ndani ili mashine isichemke. Yaani mbebaji amechoka nawe unampunguzia chakula. Mwenye sebule ya kawaida na spika nyepesi namwambia, ndugu yangu, nunua zulia. Nyumba zetu za tofali za saruji, vigae sakafuni na madirisha ya vioo huirudisha sauti kama kisima. Piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio unaruka ukutani, hakuna amplifaya itakayokuponya. Pazia zito, zulia na kabati la vitabu vitafanya kazi ambayo wati 500 haziwezi.

Ukiamua kununua, anza na spika tatu za mbele. Ya katikati hubeba karibu maneno yote ya filamu, na za pembeni hubeba muziki. Amplifaya ya chaneli 3 hapo mbele huiachia resiva spika za nyuma na za dari, ambazo kazi yake ni ndogo. Sabufa yenye amplifaya yake ndani inajitegemea, usiiweke kwenye hesabu.

Jambo ambalo wauzaji wengi hawakuambii ni kwamba resiva na amplifaya zinaweza kuwa nzuri zote mbili na zisielewane. Lugha yao ni volti. Amplifaya yenye ukuzaji wa desibeli 29 huzidisha volti takriban mara 28: ukiipa volti 1, inatoa 28, na kwenye spika ya omu 8 hizo ni kama wati 100. Ile yenye ukuzaji wa desibeli 26 huzidisha mara 20. Ili itoe wati 200 inataka volti 2 kamili. Zipo resiva ambazo tundu lake la PRE OUT huanza kuharibu sauti kabla hata ya kufika volti 2, kwa kuwa amplifaya zake za ndani zinaendelea kufanya kazi na kuzidiwa kimyakimya, hata kama hazina spika. Ukiunganisha hizo mbili umeikaba amplifaya yako kooni. Ndiyo maana mimi hutafuta resiva inayoruhusu kuzima amplifaya zake za ndani kwa chaneli zilizohamishwa. Upande wa pili nao una hatari yake: ukuzaji mkubwa mno huukuza na ule mchemko wa resiva, nawe unarudi pale pa kuinamisha sikio dukani.

Zamani tulichagua amplifaya kwa kuinyanyua. Nzito ilikuwa na transfoma ya kweli, nyepesi ilikuwa bati tupu. Kipimo hicho bado kinafaa kwa zile za daraja AB, lakini kitakudanganya kwa daraja D, ambazo huwasha na kuzima umeme mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde badala ya kuupoteza kama joto. Mhandisi Mbelgiji Bruno Putzeys, kwa kazi yake Philips na baadaye Hypex, alizitoa kwenye dharau. Leo ukitaja moduli zake za Ncore mbele ya wajuzi hakuna anayecheka. Kwa sisi wa pwani, ambako sebule yenyewe ni tanuri mwezi wa Februari, mashine isiyochemka ina thamani nyingine kabisa. Amplifaya za ukumbini, zile za harusi, zina nguvu nyingi kwa bei nafuu, lakini feni zake zinavuma. Ukishazoea kusikiliza kimya hutazivumilia.

Amplifaya ya mtumba inataka macho zaidi. Geuza usome kibandiko cha nyuma. Iliyotengenezwa kwa soko la Japani inataka volti 100, ya Marekani inataka 120. Ukiichomeka kwenye soketi yetu ya 230 hutasikia chochote isipokuwa mlipuko na harufu. Transfoma ya kushusha volti inasaidia, mradi iwe na uwezo mkubwa kuliko mashine, lakini nayo huja na mvumo wake. Kisha nusa kwenye matundu ya hewa na umulike kwa tochi ya simu. Mende hupenda ujoto wa amplifaya kuliko wewe unavyoipenda, na kinyesi chao kwenye saketi huleta hitilafu ambazo fundi atazitafuta mwezi mzima.

Mwaka mmoja nilifunga amplifaya mpya nyumbani, na ikavuma. Mvumo mzito wa hezi 50, sauti ya umeme wetu wenyewe. Nikamwita fundi wa jirani. Akaifungua, akaitazama, akatikisa kichwa. "Mzee, transfoma imekwisha hii." Nikamwambia, "Kijana wangu, ina siku tatu." Alipoondoka nikachomoa nyaya zote za RCA, nikaiwasha ikiwa na spika tu. Kimya kama kaburi. Basi mashine haina kosa. Nikarudisha waya mmoja baada ya mwingine, na kila kitu kikawa shwari mpaka nilipochomeka king'amuzi. Waya wa dishi ulikuwa umeshika ardhi kule juu ya paa, soketi nayo ina ardhi yake, na umeme ukawa unasafiri kati ya ardhi hizo mbili kupitia nyaya zangu za sauti. Fundi wa umeme aliunganisha waya wa dishi na ethi ya nyumba, mvumo ukaisha. Usikubali kamwe mtu akate pini ya ethi ya amplifaya ili kuondoa mvumo. Sauti itatulia, ila siku waya wa ndani ukigusa bati, atakayepigwa shoti ni wewe au mtoto. Mashine zote zichomeke kwenye soketi moja nzima, na kama resiva na amplifaya zote zina matundu ya XLR ya pini tatu, yatumie, kwa kuwa nyaya zake hukataa uchafu wa namna hiyo.

Kuunganisha kwenyewe ni kazi ya nusu saa. Kila kitu kizimwe, chanya ya amplifaya iende kwa chanya ya spika, hasi kwa hasi. Ukigeuza moja besi itayeyuka nawe utamlaumu mtengenezaji. Vifundo vya ukuzaji vya amplifaya viweke mahali pamoja na usiviguse ovyo. Kisha ndipo uifanyie resiva upimaji wa chumba. Maikrofoni yake isimame juu ya mguu, kimo cha sikio lako ukikaa, si mkononi wala juu ya mto wa kochi. Zima feni, funga madirisha, watoto watoke nje. Ikimaliza tazama tarakimu ilizoandika kwa kila spika. Ikiwa zile za mbele zimeshushwa hadi desibeli 12 chini ya sifuri, resiva imegota ukutani: punguza ukuzaji wa amplifaya, upime upya. Mpaka wa besi uweke hezi 80, spika zote zihesabiwe ndogo, hata zile ulizonunua kwa fahari kubwa. Chini ya hapo iachie sabufa.

Umeme ukikatika na kurudi, usikimbilie kuwasha. Frijigadi inayochelewesha umeme dakika tatu inatosha kuepusha ule mruko wa kwanza unaporudi, ila iwe na uwezo wa kuimudu amplifaya, maana ikiwashwa huvuta umeme mwingi kwa mara moja. Na daima washa resiva kwanza, amplifaya iwe ya mwisho. Ukienda kulala anza kuzima amplifaya, uhesabu hadi kumi, ndipo resiva.