Kipyegon Hakustahili Kufutiwa

Uamuzi wa kumfutia Faith Kipyegon matokeo ya mita 5,000 Agosti 5, 2024, pale Stade de France kwenye Olimpiki ya Paris, ulikuwa kosa, na jopo la rufaa lilifanya haki kumrudishia medali yake ya fedha.

Mbio mliziona. Zimebaki kama raundi mbili, Kipyegon yuko ndani, Gudaf Tsegay nje yake, kila mmoja anautaka ukingo. Mabega yanasongana, mikono inanasana, Kipyegon anaukwamua wake kwa nguvu. Hakuna aliyeanguka. Wote wawili wakaendelea kukimbia.

Kanuni ya 17 ya World Athletics haimtoi mtu kwa kugusana tu. Lazima mguso umpe faida isiyo ya haki au umdhuru mwenzake. Faida ya Kipyegon ilikuwa ipi? Njia ya ndani alikuwa ameshaishika. Alichokataa ni kubanwa. Mkimbiaji anayesongwa hadi ukingoni kwa kasi ile hujikinga kwa kiwiko, la sivyo anajikwaa na kuwaangusha walio nyuma. Tsegay kumaliza wa tisa si ushahidi, maana aliishiwa pumzi baadaye. Na ilhali mchujo wa 1,500 ulikuwa unamngoja Kipyegon kesho yake asubuhi, alilazimika kuisubiri rufaa usiku ule, Sifan Hassan akipandishwa hadi fedha, kisha kurudishwa kwenye shaba.

Sisi Wakenya jambo hili tunalijua. Rio 2016, Ezekiel Kemboi alipokonywa shaba ya kuruka viunzi na maji kwa unyayo uliokanyaga nje ya njia, Wafaransa walipolalamika, na Mahiedine Mekhissi wao akaichukua. Bingwa wa Athens na London! Shaba ile haikurudi, na mimi sijaisahau.

Huko Paris dhahabu ilikwenda kwa Beatrice Chebet, aliyewapita wote mwishoni kwa 14:28.56, kazi safi.

Lakini kwa mbinu, bado namweka Vivian Cheruiyot mbele ya wote. Rio alimwacha Almaz Ayana akimbie peke yake kule mbele, asigombanie ukingo na mtu, akamfuata taratibu hadi akamfikia na kumpita kwa 14:26.17, rekodi ya Olimpiki ambayo Paris haikuigusa. Mwendo wa Paris ulikuwa wa kungojeana, ndiyo maana watu walirundikana. Kipyegon angeweza kutangulia mapema, akawalazimisha wengine kumzunguka kwa nje.