Ioze Kwanza, Ndipo Iingie Chunguni

Ushauri unaosambaa sana siku hizi kuhusu mbolea ya bure ni huu: katakata maganda ya ndizi, yafukie kwenye chungu cha maua, nyunyiza majivu na makaka ya mayai juu yake, mwagilia maji, kisha ungoje. Ukiufuata Wundanyi, huenda usipate hasara yoyote. Ukiufuata Voi, mara nyingi utapata nzi, sisimizi na majani ya manjano. Barabara kati ya miji hiyo haifiki kilomita 50, na yote imo kaunti ya Taita Taveta, Kenya. Kinachoitofautisha ni maji, na maji ndiyo yanayoamua kama taka za jikoni zitakuwa chakula cha mmea au mzigo kwake.

Voi iko takriban mita 580 juu ya usawa wa bahari. Hupata kama milimita 500 hadi 600 za mvua kwa mwaka, nyingi ikinyesha wakati wa vuli na masika, na katikati ya misimu hiyo jua halina huruma. Wundanyi iko kwenye mita 1,400 hivi, kuna ukungu na baridi, na mvua ni nyingi zaidi. Kule juu ganda likifukiwa hukaa na unyevu hadi likaoza. Huku chini hukauka kabla halijaoza, likabaki gumu kama ngozi chini ya udongo.

Chungu nacho kina masharti yake. Shambani, ganda la ndizi huwakuta minyoo, kuvu na bakteria wengi, na mizizi ina pa kukimbilia mambo yakiharibika. Chungu cha lita 10 kina udongo kidogo, viumbe wachache na hakina njia ya kutorokea. Ukitia taka mbichi humo, bakteria wanaozila huhitaji naitrojeni ili waongezeke. Wasipoipata ya kutosha kwenye taka, huichukua ile iliyoko kwenye udongo, na mmea hukaa na njaa hadi wao wamalize. Ukimwagilia sana ili kuharakisha uozo, hewa hukosekana, uozo unageuka uvundo na mizizi inaanza kufa. Ndiyo maana kazi ya kuozesha inafaa ifanyike nje ya chungu, kwenye chombo kingine.

Jikoni kuna nini hasa

Kabla ya kuozesha, tupime kilichomo kwenye ndoo ya taka ya nyumba ya kawaida pale Mwakingali au Sofia, mitaa ya Voi: maganda ya ndizi mbichi na ya muhogo siku kilipopikwa kimanga, chakula cha Wataita, mabua ya sukuma wiki, maganda ya viazi na vitunguu, majani ya chai, makaka ya mayai, na majivu ya jiko la makaa.

Ganda la ndizi lina sifa kubwa kuliko uwezo wake. Ni kweli lina potasiamu nyingi, inayosaidia maua na matunda. Lakini sehemu karibu tisa kati ya kumi za ganda bichi ni maji. Kilo nzima ya maganda ikikauka hubaki kama gramu 100, na ndani yake naitrojeni ni takriban gramu moja tu. Kijiko kimoja cha chai cha mbolea ya CAN kina naitrojeni ya kiasi hicho au zaidi kidogo. Anayetegemea maganda ya ndizi peke yake kukuza mchicha anaulisha potasiamu huku akiunyima kinachotengeneza majani.

Majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa ndiyo hazina isiyosemwa. Yakikaushwa, yana takriban asilimia 4 ya naitrojeni, yaani karibu mara nne ya maganda makavu ya ndizi. Tatizo ni namna tunavyopika chai yetu: majani, maziwa na sukari vyote huchemka katika sufuria moja. Majani yanayobaki kwenye kichujio yana utelezi wa maziwa na utamu wa sukari, na ukiyamwaga chunguni hivyo hivyo sisimizi watajipanga mstari kabla ya jioni. Yasuuze kwa kikombe cha maji papo hapo kwenye kichujio, yatandaze juani kwenye sinia, na ukiyasugua kati ya vidole yawe makavu kama tumbaku. Hapo yako tayari kwa ndoo ya mboji.

Makaka ya mayai ni kalsiamu kaboneti kwa zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi. Huyeyuka kwenye udongo wenye asidi; kwenye udongo usio na asidi hukaa miaka bila kubadilika. Wengi huyatumia kutibu nyanya zinazooza kitako, wakiamini zimekosa kalsiamu. Mara nyingi kalsiamu ipo, ila haifiki kwenye tunda kwa sababu husafiri na maji, na maji yanakuja kwa vipindi. Nyumba inayopata maji ya bomba kwa zamu, kisha ikafidia kwa kufurikisha chungu siku moja, itaendelea kuona vitako vyeusi hata ikisaga trei nzima ya makaka. Dawa yake ni kumwagilia kidogo kidogo bila kuruka.

Majivu yanahitaji tahadhari kuliko vyote. Yana potasiamu na kalsiamu, na yana nguvu ya kupunguza asidi kama chokaa. Kwenye udongo wa milimani uliooshwa na mvua kwa miaka mingi, nguvu hiyo ni faida. Kwenye chungu cha Voi kinachonyweshwa maji yenye madini, majivu husukuma udongo upande wa pili, na madini ya chuma yakawa hayapatikani kwa mizizi hata kama yamo. Dalili yake haifichiki: majani machanga yanakuwa manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Konzi moja ya majivu kwa ndoo nzima ya mboji inatosha. Moja kwa moja chunguni, acha kabisa.

Vitu vya kuweka kando ni mabaki ya chakula yenye chumvi na mafuta, nyama na samaki. Kwa wakaao kandokando ya Tsavo Mashariki, harufu ya vyakula hivyo huita wageni wakubwa kuliko nzi, kuanzia tumbili hadi nyani.

Ndoo mbili kivulini

Njia inayofaa nyumba ya kupanga isiyo na uwanja ni ndoo mbili za rangi za lita 20 zenye mifuniko. Toboa matundu kitakoni na machache ubavuni, ziinue juu ya matofali, uziweke upande wa nyumba usiopigwa na jua la alasiri. Ya kwanza inapojaa huachwa ioze, na ya pili huanza kupokea.

Kanuni ya mchanganyiko imejulikana tangu Albert Howard alipofanya kazi yake ya mboji huko Indore, India, katika miaka ya 1920: vitu vibichi vyenye naitrojeni vichanganywe na vikavu vyenye kaboni, unyevu uwepo, hewa ipite. Kiwango kinachotajwa ni sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni. Kwa macho, hiyo ni kopo moja la taka za jikoni kwa makopo mawili ya majani makavu yaliyopondwa au trei za mayai zilizochanwachanwa. Vumbi la mbao la seremala litumike kwa mkono mzito, maana kaboni yake ni nyingi mno na huchelewesha kila kitu. Anza na konzi mbili za samadi kuukuu ili kuleta viumbe wa kuozesha, na kila ukitia taka mbichi, zifunike kwa vikavu.

Sasa unyevu, ambapo ndoo nyingi za Voi hushindwa. Chukua konzi kutoka katikati, ukamue. Maji yakichuruzika, ongeza vikavu. Kiganja kikibaki kikavu, uozo umesimama. Kiganja kikilowa na tone moja au mawili yakajitokeza kati ya vidole, hapo ndipo. Maji ya kuoshea mchele na mboga, yasiyo na chumvi wala sabuni, yanafaa kurudisha unyevu bila kugusa maji ya kunywa. Geuza mara mbili kwa wiki kwa kijiti.

Ndoo ndogo haipati moto wa lundo kubwa. Lundo la mita moja kila upande huweza kupita nyuzi 55 na kuua mbegu na vimelea. Ndoo ya lita 20 hupoteza joto lake haraka. Kwa hiyo mbegu za nyanya na papai zitaota ndani ya mboji yako, na mmea uliokufa kwa ugonjwa haufai kuingia humo. Kwa joto la Voi, unyevu ukidumu, miezi miwili hadi minne hutosha. Mboji iliyoiva hunuka udongo uliopigwa na mvua, na huwezi tena kutambua ganda wala bua. Ukiwa na shaka, panda mbegu za mchicha ndani yake. Zikiota na kusimama wima, iko tayari.

Chumvi isiyoonekana

Changanya sehemu moja ya mboji na sehemu tatu au nne za udongo. Zaidi ya hapo unaongeza chumvi, maana virutubisho vyote vikiyeyuka ni chumvi. Na chungu cha Voi tayari kinazipata kwenye maji. Maji ya Mzima yanayoletwa Voi kwa bomba hupita chini ya miamba ya volkano ya vilima vya Chyulu kabla ya kutokea chemchemini, na huja na madini yaliyoyeyuka. Visima vingi vya nyanda za chini vina chumvi zaidi. Jua hunyanyua maji, madini yanabaki. Ukanda mweupe kwenye ukingo wa chungu cha udongo ni hesabu ya miezi yote ya kumwagilia. Mara moja moja mwagilia hadi maji yatiririke kitakoni, uyakinge kwenye beseni na kuyapeleka kwenye mpapai ulio ardhini.

Kuna mmea wa Taita unaoonyesha jambo hili vizuri. Msitu wa Mbololo, juu ya Voi, ndio makao pekee ya asili ya Saintpaulia teitensis, ndugu wa maua ya chunguni yanayouzwa duniani kote, ambayo chimbuko lake ni mbegu zilizopelekwa Ujerumani kutoka Usambara, Tanzania, mwaka 1892. Wa Mbololo hulindwa, haung'olewi. Lakini mwenye kutunza ndugu zake wa dukani anajua kwamba vikonyo vya majani vikilala kwenye ukingo wenye chumvi huungua na kuoza. Mimea hii ya kivulini, inayoishi kwa majani machache yaliyooza, huhitaji mboji kidogo sana.

Tangu Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, kila nyumba Kenya inatakiwa kutenganisha taka zinazooza na nyingine tangu zinapotoka. Ndoo mbili hizi ni njia ya kutekeleza sharti hilo na kupata kitu mkononi. Lakini tusiipime mboji ya jikoni kwa mizani ya CAN, itashindwa. Faida yake kubwa Voi ni kushika maji. Anayetaka ushahidi apande mboga aina moja kwenye vyungu viwili vinavyolingana, kimoja kikiwa na udongo mtupu na kingine na mboji, avimwagilie sawa, kisha kila asubuhi avinyanyue. Kile kinachobaki kizito kwa siku nyingi zaidi ndicho kilichookoa ndoo ya maji, na katika mji wa maji ya zamu hiyo ndiyo thamani ya kwanza ya mboji.