Kuseti thiknesa katika ua wa Buruburu

Ubao wa inchi moja unaonunuliwa Gikomba, Nairobi, ukiwa bado na alama za msumeno una unene wa milimita 25 hivi. Ukifika kwenye mlango wa kabati umebaki 20. Zile tano zilizopotea, yaani sehemu moja kwa tano ya pesa iliyolipwa, zimekuwa maranda. Februari 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, na mafundi wakategemea zaidi mbao za mashamba ya watu binafsi na zile za kutoka nchi jirani. Rais William Ruto alitangaza kuondoa marufuku hiyo Julai 2023. Seremala aliyenunua mbao katika miaka hiyo anajua kwa nini kila milimita huhesabiwa.

Kwa muda mrefu mafundi wa Eastlands wamebeba mbao zao hadi kwa wenye mashine kubwa Gikomba au Kariobangi Light Industries, wakalipia randa kwa futi. Thiknesa ndogo za kubebeka, yaani mashine za kupunguza unene wa ubao, zimefungua njia nyingine. Mfano mzuri ni Makita 2012NB, ambayo haifiki kilo 30 na hupokea ubao wenye upana wa hadi milimita 304. Inatosha kwenye stoo ya Umoja au ua wa nyuma wa nyumba ya Buruburu. Lakini ubora wa kazi yake huamuliwa kabla ubao haujaguswa na kisu, na anayeiseti bila kufuata mpangilio hurudia kazi ileile mara nyingi.

Kwanza ieleweke mashine hii haifanyi nini. Thiknesa hainyooshi ubao. Hufanya uso wa juu uwe sambamba na uso wa chini, basi. Ubao uliojikunja ukiingizwa, rola huukandamiza ukalala, visu vikakata, na ukitoka nje unarudi kwenye mkunjo wake, sasa ukiwa mwembamba zaidi. Kwa hiyo uso mmoja lazima unyooshwe kwanza, kwa randa ya mkono au kwenye mashine ya kusawazisha uso. Asiye na mashine hiyo huulaza ubao juu ya kipande kipana cha plaiwudi kilichonyooka, akaziba nafasi za chini kwa vibanzi vilivyogandishwa kwa gundi ili usicheze, kisha akaupitisha pamoja na plaiwudi yake.

Linalofuata ni nafasi. Ubao wa mita 2.4 huhitaji urefu huohuo mbele ya mashine na urefu huohuo nyuma yake, jumla karibu mita 5. Ua wa Buruburu hauna urefu huo pande zote, hivyo mashine huelekezwa mlangoni ili ubao utokee nje.

Stima nayo ina hesabu yake. Mota ya wati 1,650 kwenye volti 240 huvuta karibu ampea 7. Kebo ya kuongezea ya mita 30 yenye waya wa shaba wa milimita za mraba 0.75 hupoteza kama volti 11 njiani, ilhali ya milimita za mraba 2.5 hupoteza 3 tu. Kebo nyembamba iliyobaki imezungushwa kwenye gurudumu lake hupata joto hadi plastiki ikalainika. Fundi makini hununua kebo nene na huifungua yote.

Kisha huja meza, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Karibu kila anayeanza hulalamikia bonde dogo linalotokea kwenye ncha za ubao, sentimita chache kutoka mwisho. Chanzo chake ni rahisi. Ubao unapoingia hushikwa na rola ya mbele peke yake, na unapomalizika hushikwa na ile ya nyuma peke yake. Katika nyakati hizo mbili uzito wa sehemu inayoning'inia huinua ncha kuelekea kwenye visu. Plagi ikiwa imechomolewa, upau wa aluminiamu ulionyooka, kama ule waashi wanaosawazishia plasta, hulazwa kutoka meza ya kuingizia hadi ya kutolea. Bolti za meza huzungushwa mpaka ncha za nje za meza zote mbili ziwe juu kidogo ya kitanda cha katikati, kiasi cha unene wa karatasi chache. Mbao ndefu huongezewa stendi ya kuzipokea. Hata hivyo ni busara kuacha urefu wa ziada wa kukatwa baadaye, au kupitisha mbao zikifuatana ncha kwa ncha.

Visu hupimwa kwa vipande viwili vya mbao vyenye unene sawa. Kimoja hupitishwa ukingo wa kushoto, kingine wa kulia, bila kugusa gurudumu la kimo, kisha vyote hupimwa kwa kalipa. Tofauti ikizidi sehemu ya kumi ya milimita, visu na kitanda haviko sambamba, na kila ubao mpana utatoka na upande mmoja mnene.

Kimo cha kisu kimoja dhidi ya mwenzake nacho kina uzito. Kichwa cha mashine hii huzunguka mara 8,500 kwa dakika kikiwa na visu viwili, na ubao husukumwa mita 8.5 kwa dakika. Hiyo ni mikato 17,000 kwa dakika, mkato mmoja kila nusu milimita. Kisu kimoja kikichomoza pungufu kuliko mwenzake, mwenzake hukata peke yake, mkato mmoja kila milimita nzima. Mawimbi yanayobaki juu ya ubao huonekana wazi vanishi ikishapakwa.

Baada ya hapo ndipo kina huchaguliwa. Makita huruhusu hadi milimita 3 kwa ubao wenye upana usiozidi milimita 150, lakini 1.5 tu kwa ubao unaokaribia upana wote wa mashine. Mgrivilea, wenye nyuzi zinazochanika kirahisi, huhitaji kina kidogo zaidi na visu vikali. Saipresi mbichi huacha uso wenye manyoya, na hata ikitoka safi itajikunja ikikauka, kwa hiyo huachwa ikauke kwanza. Nyuso zote mbili hupunguzwa kwa zamu ili unyevu uliobaki utoke sawa. Mbao zilizotumika kwenye fomu za zege hubeba saruji na misumari iliyovunjika, na huharibu visu kwa ubao mmoja tu. Hupigwa brashi ya waya na kukaguliwa kwa sumaku.

Vumbi na kelele ni vya majirani pia. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hivyo mfuko wa kukusanyia maranda na barakoa havikosekani. Kelele ya visu hupita desibeli 90 kwa kawaida, na kanuni za mazingira za mwaka 2009 zinabana kelele katika maeneo ya makazi. Mashine huwashwa mchana, na masikio huzibwa.

Mashine kubwa za Gikomba bado zina kazi yake. Ubao unaozidi milimita 304 hauingii kwenye thiknesa ya nyumbani, na oda ya mbao mia moja huichosha mota yake ndogo. Kazi za aina hiyo bado hupakiwa mkokoteni kuelekea Gikomba, na thiknesa ya uani hubaki na milango ya kabati, droo na fremu, ambako sehemu ya kumi ya milimita huonekana kwenye kila kiungo.