Ushuhuda Unaoishia Madhabahuni

Wengi wetu tumeusikia ushuhuda huo mara nyingi, kiasi kwamba msemaji akikwama katikati tungeweza kumalizia wenyewe. Mtu alikunywa gongo, au alivuta bangi, au, kama alipata kuishi Dar es Salaam, alitumia unga. Akauza mabati ya nyumba yake. Mke akarudi kwao. Siku moja akapiga magoti, akalia, na tangu saa ile hana hamu tena. Hapo kwaya inaingia. Makofi, vigelegele, sadaka ya shukrani.

Hatusemi kwamba mambo hayo hayatokei. Mungu hapangiwi na mtu namna ya kuponya. Tunachotaka hapa ni kuutazama ushuhuda wa namna hiyo kama tunavyotazama kitabu, na kuuliza unaacha nini. Maana habari ikirudiwa kanisani mwaka hata mwaka inageuka kuwa mafundisho, hata kama haimo katika katekisimu yoyote iliyowahi kuchapwa Kipalapala.

Katika parokia moja ya upande wetu, ambayo hatutaitaja, fundi mwashi mmoja alitoa ushuhuda wa aina hiyo wakati wa Pasaka. Tulimshangilia, nasi tulikuwa wakweli katika kushangilia. Mvua zilipoanza alikuwa amerudi kwenye wanzuki, na baada ya wanzuki kwenye gongo. Hakuonekana tena misani. Tulisema ameasi. Ilichukua muda mrefu hadi mmoja wetu alipokwenda kwake, akasikia jambo tusilolifikiria: kwamba kilichomzuia kuja kanisani ni ushuhuda wenyewe. Alikuwa amesimama mbele ya watu wote akasema yamekwisha. Sasa angeingia kwa mlango gani?

Tulipolitafakari hilo tulimkumbuka Matt Talbot, ambaye habari zake husimuliwa mara nyingi kwa walevi. Anasimuliwa hivi: mlevi wa Dublin aliyetubu siku moja akawa mtakatifu. Lakini maisha yake yalikwenda polepole zaidi. Alizaliwa 1856 na alianza kunywa akiwa na miaka 12 hivi, alipoajiriwa kwa wauza mvinyo. Mwaka 1884, akiwa na miaka 28, bila senti mfukoni, alisimama nje ya baa akitumaini rafiki mmoja atamnunulia kinywaji, na hakuna aliyemjali. Siku hiyo alikwenda Clonliffe, penye seminari ya jimbo, akatoa ahadi kwa padre ya kutokunywa. Ahadi hiyo ilikuwa ya miezi mitatu tu. Ilipokwisha aliifanya upya, akaongeza muda, na baadaye ndipo akaahidi kwa maisha yote. Akaacha kutembea na fedha, ili asipate cha kununulia akipita mlangoni mwa baa. Akawa na padre wa seminari hiyo hiyo aliyemwongoza kiroho. Alifariki njiani akienda misani, tarehe 7 Juni 1925, na mwaka 1975 Papa Paulo VI alizitambua fadhila zake za kishujaa.

Miezi mitatu! Hiyo ndiyo sehemu tunayoikata tunaposimulia, kwa sababu haitoi machozi. Nasi hapa Tabora tungepaswa kuielewa kuliko watu wengine. Wapagazi wa Kinyamwezi waliopita Unyanyembe kati ya Bagamoyo na Ujiji walibeba mizigo ya takriban kilo 30, lakini hakuna aliyeondoka pwani akiwa amebeba njia nzima kichwani. Walibeba hadi kambi inayofuata.

Kuna pengo jingine katika ushuhuda wetu, nalo linaweza kuua. Ni siku zile chache mara baada ya kuacha. Mtu aliyekunywa pombe kali kila siku kwa miaka, akikatisha ghafla, anaweza kutetemeka, kutoka jasho, kuona vitu visivyokuwepo, kuanguka kama mwenye kifafa, na akafa. Tukimwona katika hali hiyo huwa tunasema pepo anamtoka. Tunamzunguka kwa sala, pengine tunamwambia afunge kula. Anachohitaji saa hiyo ni hospitali, na sala zetu zimfuate huko huko. Kwa mtumiaji wa heroini hatari hukaa mahali pengine. Arosto humtesa vikali, lakini mara nyingi kinachomwua ni kurudia baada ya kukaa wiki kadhaa bila kutumia, labda gerezani au kwenye kambi ya maombi. Mwili umekwisha kuusahau wingi wa zamani, naye anachukua kipimo kile kile alichokizoea. Tunayemwita mwasi huenda amebakiwa na saa chache za kuishi.

Haya yamejulikana kwa sababu kuna watu waliokaa na waraibu na kuwasikiliza, wakaandika. Mwaka 2005 mtafiti Sheryl McCurdy na wenzake, waliokuwa wakizungumza na watumiaji wa heroini Dar es Salaam, walieleza jambo linalogusa kiini cha imani yetu. Baadhi ya wanawake maskini, wakiisha kujidunga, walivuta damu yao wenyewe kwa sindano ile ile na kumpa mwenzao asiye na fedha, wakiamini kwamba dawa iliyomo katika damu itampunguzia arosto. Ilikuwa ni huruma, na ilibeba virusi vya UKIMWI moja kwa moja. Sisi tunaopokea Damu kila Jumapili tusipite haraka hapo. Katika shuhuda zote tulizozisikia, hatujawahi kusikia kwamba huko vichochoroni kulikuwa na upendo wa aina yoyote. Msemaji hutakiwa aseme kulikuwa na giza tupu. Mtafiti aliuona upendo huo kwa sababu hakuwa na haraka ya kufika mwisho wa habari.

Usikivu wa namna hiyo hufundishwa. Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyoko Kijitonyama ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, na kazi yake ni kuandaa watu wa kazi hiyo. Februari 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni, ya kwanza Tanzania Bara, na baadaye nyingine zikafuata. Huko mraibu hunywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu. Pamoja na wauguzi wapo maofisa ustawi wanaouliza maswali madogo: unalala wapi, nani nyumbani bado anaongea nawe, ni siku gani ya wiki hukushinda? Tumesikia waamini wakisema methadoni ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Hatukubaliani nao. Mwenye kisukari anayechoma insulini kila asubuhi hatumwambii kwamba imani yake haijafika.

Kwa hiyo lawama yetu haiwaendei wanaoshuhudia. Inatuendea sisi tunaosikiliza, na tungependa ifike hadi Kipalapala, katika Seminari Kuu ya Mtakatifu Paulo, wanakolelewa mapadre watakaoongoza ibada hizi. Hatutaki padre ageuke daktari. Tunatamani kila frateri akae muda kando ya afisa ustawi na muuguzi, hata kama ni miezi mitatu ya Talbot, ajifunze lini amwombee mtu na lini ampakie kwenye bodaboda ampeleke hospitali. Makatekista na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wanahitaji mafunzo hayo zaidi, kwa kuwa saa nane usiku mlango unaogongwa ni wao. Na wafundishwe kutunza siri, jambo ambalo jumuiya zetu, tuseme kweli, hazilijui vizuri.

Yule fundi tulikwenda kwake tena, watu wawili tu, bila vitabu vya nyimbo. Alikuwa akirekebisha banda la kuku. Tulizungumza habari za kuku kwa muda mrefu. Mwishowe tulimwambia yupo afisa ustawi wa jamii katika halmashauri, na kwamba mmoja wetu yuko tayari kumsindikiza hospitali kwanza, Jumatatu. Alinyamaza. Kisha akauliza kama, akifanikiwa, atalazimika kusimama mbele tena.

Tukamwambia hapana.

Jumatatu alikuwa amekwisha kutoka nje, amevaa shati safi, kabla hatujafika.